Juni Mosi Haisongi

Kuna kazi za aina mbili. Kuna ile unayoweza kumpigia mteja simu ukamwomba wiki moja zaidi, na kuna ile ambayo hakuna mtu wa kupigiwa simu. Madaraka ni ya aina ya pili. Tarehe 1 Juni itafika tarehe 1 Juni, mvua inyeshe isinyeshe, pesa za kaunti ziwe zimeshatoka Nairobi ama bado zinaitwa "ziko njiani". Rais atafika, gwaride litapita, kamera zitawashwa. Uwanja ukiwa haujaisha, nchi nzima itaona saruji mbichi moja kwa moja kwenye runinga.

Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya Homa Bay. Madaraka ya 62 ilisherehekewa kwenye Uwanja wa Raila Odinga, mjini Homa Bay, na mada ya mwaka ilikuwa uchumi wa majini. Mimi naishi Migori, na miezi ile ya mwanzo wa mwaka ukipanda matatu kupitia Rongo na Rodi Kopany hadi Homa Bay ulikuwa unasikia swali moja tu: wataweza? Kila abiria alikuwa mhandisi. Kuna waliosema hawawezi, kuna waliosema serikali ikitaka inaweza kila kitu.

Waliweza, sherehe ikafanyika. Lakini swali lililonishika mimi lilikuwa tofauti kidogo. Kazi yenye tarehe isiyosonga inapangwaje? Kabla sijaacha chuo nilisoma usimamizi wa miradi muhula mmoja, na tulichofundishwa ni kuchora chati safi. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna njia kadhaa za kupanga muda, kwamba kila moja ilizaliwa mahali fulani kutatua shida fulani, na kwamba ukichagua isiyofaa unaweza kuwa na ratiba maridadi na bado ukachelewa.

Sherehe zinazotembea

Kwa miaka mingi sikukuu za kitaifa zilikuwa mambo ya Nairobi. Kuanzia 2016 zikaanza kuzunguka. Madaraka ya mwaka huo ilienda Nakuru. Ikafuata Nyeri 2017, Meru 2018, Narok 2019. Korona ikairudisha Ikulu 2020. Kisumu ikapata 2021, Embu 2023, Bungoma 2024, kisha Homa Bay. Kila kaunti iliyopewa zamu ilipewa pia mzigo wa uwanja: jukwaa, paa, barabara za kuingilia, vyoo, taa, nyasi.

Kenya ina historia ndefu na makataa ya viwanja, nzuri na mbaya. Kasarani ilijengwa na ikawa tayari kwa Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, na michezo ikachezwa. Miaka thelathini baadaye mambo yakageuka. Tulikuwa tumepewa mashindano ya CHAN ya mapema 2018. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya kwa sababu viwanja havikuwa tayari, ikawapa Morocco. Tulipopata nafasi nyingine, pamoja na Tanzania na Uganda, mashindano yalikuwa yaanze Februari 2025. Januari hiyo hiyo CAF ikayasogeza hadi Agosti.

Angalia tofauti. Tarehe ya CHAN ina mwenyewe. Ukichelewa, mwenyewe anaweza kukuhurumia akaisogeza, ama akaibeba akaenda nayo kwingine. Juni Mosi haina mwenyewe. Huwezi kumwomba mwaka 1963 usubiri.

Zege halina haraka

Sasa hebu tuhesabu kinyumenyume, maana hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupanga kazi yenye makataa, na ni ya kale kuliko chati zote.

Wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28 baada ya kumwagwa. Siku ya 7 lina takriban theluthi mbili ya nguvu zake. Unaweza kuongeza mafundi, unaweza kuleta taa wafanye kazi usiku, lakini huwezi kumwambia zege likomae haraka kwa sababu mgeni wa heshima anakuja. Kuna dawa za kuliharakisha, na zina gharama yake. Kwa zege la kawaida, toa siku 28 kutoka tarehe 1 Juni. Unapata tarehe 4 Mei. Nguzo yoyote itakayobeba watu siku ya Madaraka, kama unataka iwe imetimiza siku zake, inafaa iwe imemwagwa kufikia tarehe 4 Mei. Si kuanza kumwagwa. Kumwagwa.

Rudi nyuma zaidi. Kabla ya kumwaga zege kuna kufunga vyuma na mbao. Kabla ya hapo kuna msingi. Kabla ya msingi kuna kuchimba. Na hapa Nyanza, Machi hadi Mei ni mvua ndefu. Mvua haidhuru zege lililoshika, lakini huwezi kumwaga jukwaa chini ya dhoruba, na lori la kokoto likiingia kwenye ule udongo mweusi unaonata, halitoki hadi trekta lije. Kwa hiyo kaunti yoyote ya upande huu inayopewa Madaraka imepewa pia masika, yakae pale mbele ya makataa kama jiwe mlangoni. Kazi pekee inayofurahia mvua ni nyasi. Nyasi basi zipandwe mapema ziinywe, na kazi ya udongo iwe imekwisha Februari, wakati vumbi bado ni vumbi.

Ukihesabu hivi, unagundua kwamba mradi wa Juni hauna nafasi ya kuanza Machi. Unaanza mwaka uliotangulia, ama unaanza ukiwa umechelewa tayari. Ukihesabu kwenda mbele, "tutaanza Machi, tutaweka bidii", hutaligundua hilo hadi Mei.

Watu wa ziwani hawahitaji kuambiwa haya. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa umejificha. Kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay, wavuvi wanajua giza linaanza lini, na nyavu lazima ziwe zimeshonwa na taa zimetengenezwa kabla ya hapo. Mwezi mpevu ndio wakati wa gereji. Hakuna anayeandika ratiba, lakini ratiba ipo, na inasomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Michoro ya wazungu na ilichofanya

Mwaka 1896 mhandisi Mpolandi, Karol Adamiecki, alichora kazi za kiwanda cha chuma kama mistari kwenye karatasi, kila kazi na muda wake. Aliandika kwa lugha ambazo wakubwa wa viwanda vya Uingereza na Marekani hawakusoma, kwa hiyo sifa zikaenda kwa Mmarekani Henry Gantt, aliyechora michoro inayofanana na hiyo miaka ya 1910. Ndiyo chati ya Gantt tunayoijua: kila kazi na upau wake, kalenda juu. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaielewa kwa dakika moja. Udhaifu wake, kwa umbo lake la zamani, ni kwamba haikuambii kazi gani ikichelewa inaangusha zote. Pau zote zinaonekana sawa.

Njia ya pili ni ya mwendo. Empire State Building, New York, ghorofa 102, ilijengwa kwa siku 410 na ikafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Kwa nini 1 Mei? Kwa sababu mikataba ya kodi ya majengo ya New York kwa desturi ilianza siku hiyo. Ukikosa Mei Mosi, umekosa wapangaji wa mwaka mzima. Hata wao walikuwa na Juni Mosi yao. Walichofanya ni kugawa kazi kwa ghorofa: watu wa chuma wanapanda, nyuma yao watu wa sakafu, nyuma yao watu wa kuta, kila kikosi kwa kasi moja ili hakuna anayemkanyaga mwenzake. Chuma kilipanda kama ghorofa nne na nusu kwa wiki. Njia hii inafaa kazi inayojirudia: ghorofa, kilomita za barabara, safu za viti. Haikusaidii sana kazi ambayo kila sehemu yake ni tofauti.

Ya tatu ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya kemikali ya DuPont ilikuwa inapoteza pesa nyingi kila ilipofunga kiwanda kwa ukarabati. Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand wakaunda hesabu rahisi yenye nguvu: orodhesha kazi zote, andika ipi inasubiri ipi, kisha tafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Mnyororo huo ndio urefu wa mradi. Kazi iliyo juu yake ikichelewa siku moja, mradi unachelewa siku moja. Kazi iliyo nje yake ina nafasi ya kupumua. Wengi wanaijua kwa herufi CPM.

Wakati huohuo jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatengeneza kombora la Polaris la kurushwa kutoka nyambizini, na baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, tarehe yake ilivutwa mbele kwa miaka. Ofisi ya mradi ikabuni PERT, ndugu wa CPM, inayotaka makadirio matatu kwa kila kazi: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, yakienda vibaya. Julai 1960 nyambizi USS George Washington ikarusha makombora mawili kutoka chini ya maji, mapema kuliko mpango wa kwanza. PERT ikawa nyota. Serikali ikaitaka kila mahali.

Kisha mwaka 1972 mtafiti Harvey Sapolsky akachapisha kitabu kuhusu Polaris na kusema jambo ambalo linafaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya kaunti. Kwa maelezo yake, PERT haikuwa ndiyo iliyoendesha mradi. Wahandisi wengi hawakuitegemea. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaonyesha wakubwa wa Washington kwamba hapa kuna watu makini wenye kompyuta, kwa hiyo mtuache tufanye kazi. Ilikuwa ratiba ya kuonyeshwa.

Hapo ndipo nilipoelewa mbao za rangi rangi tunazowekewa kila mradi unapozinduliwa. Kuna ratiba ya kuonyesha na kuna ratiba ya kufanyia kazi. Zote mbili zina matumizi yake. Hatari inaanza pale unapokuwa na ya kwanza tu, na ukaiamini.

Kamati ya mazishi

Kama unataka kuona mnyororo mrefu bila kompyuta, kaa kwenye kamati ya mazishi huku kwetu. Mazishi ni Jumamosi. Tarehe ikishatangazwa, jamaa wa Mombasa wameshakata tiketi na kanisa limeshaambiwa. Haisongi.

Tuseme leo ni Jumatano. Mwili unafika nyumbani Ijumaa ya wiki ijayo jioni. Tuna siku tisa, kuanzia leo hadi Alhamisi. Marehemu alikuwa mwanamume mtu mzima aliyekaa mjini bila kujenga, na kwa mila za Wajaluo hawezi kulazwa kwenye boma ambalo hana nyumba. Lazima nyumba ndogo isimame. Vifaa siku 1, kusimamisha miti na kupiga mabati siku 2, kukandika udongo siku 1, kukauka siku 3. Jumla siku 7. Mchango wa WhatsApp nao unataka siku 5. Kulipa mochari na kupata karatasi, siku 1. Kuchapisha programu zenye picha, siku 2.

Kelele kwenye kundi zitakuwa juu ya mochari, kwa sababu bili inapanda kila siku, na juu ya programu, kwa sababu kila mtu ana picha anayoitaka. Lakini hesabu. Mchango siku 5, mochari siku 1, jumla 6. Kuna siku tatu za ziada. Programu ina siku za ziada zaidi ya hapo. Nyumba je? Kama kamati inasubiri mchango wote uingie ndipo inunue mabati, ni 5 na 7, siku 12. Tuna 9. Umeshachelewa, na hakuna hata mmoja aliyelala kazini.

Kuna milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni kutosubiri mchango wote: pesa za siku mbili za kwanza zinunue vifaa vya nyumba. Mbili na 7 ni 9. Inaingia, lakini bila hata siku moja ya kupumua. Mvua ya Jumamosi moja inaiharibu. Wa pili ni kubadilisha kazi yenyewe: kuta ziwe za mabati pia. Hakuna kukandika, hakuna kukauka. Ukiweka siku 1 ya kupiga kuta hizo, nyumba inakuwa siku 4, na hata ukisubiri mchango wote unafika 9. Ukifungua milango yote miwili, unafika 6, na una siku tatu mkononi.

Jaduong' mwenye busara kwenye kamati huuliza swali hili siku ya kwanza, bila kujua jina la Kelley wala Walker: nyumba iko wapi? Wengine wanazungumza juu ya kinachopiga kelele. Yeye anazungumza juu ya kinachochukua muda.

Na ona kilichotokea. Tarehe haikusonga, kwa hiyo kitu kingine kilisonga. Ama mpangilio wa pesa, ama umbo la nyumba. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yenye makataa. Ukikataa kuchagua mapema kitakachosonga, kitachaguliwa kwa niaba yako usiku wa mwisho, na mara nyingi kitakuwa ubora, ama usingizi wa mafundi, ama malipo yao.

Miwa na mikono

Mnyororo mrefu una shimo moja. Unajua kazi ipi inasubiri ipi, lakini unajifanya mikono haina mwisho. Nenda Awendo. Kiwanda cha Sony kilianza kusaga mwaka 1979, na tangu hapo maisha ya sehemu kubwa ya Migori yamekuwa ratiba. Muwa wa kupandwa unataka karibu mwaka na nusu kukomaa. Ukikatwa, sukari yake inaanza kupungua, kwa hiyo inafaa usagwe ndani ya siku moja ama mbili. Kila shamba linaweza kuwa na mpango mzuri peke yake. Lakini trekta ni zilezile, wakataji ni walewale, kinu ni kilekile. Ukipanga mashamba kama kwamba kila moja lina trekta lake, muwa utakomaa, utapitiliza, na mkulima ataukata moyo kabla hajaukata muwa.

Mwaka 2023 shida hii ilionekana kwa ukubwa wa eneo zima. Viwanda vya magharibi mwa Kenya viligombania miwa ileile hadi iliyokomaa ikaisha, michanga ikawa inakatwa, na mwezi Julai mamlaka ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili mashamba yakomae. Kila kiwanda kilikuwa na ratiba yake. Hakuna ratiba iliyohesabu shamba la pamoja.

Hapo ndipo inaingia njia ya nne. Mwaka 1997 Mwisraeli Eliyahu Goldratt alieleza kwenye riwaya, ndiyo, riwaya, kwamba mnyororo uhesabu pia wanaogombaniwa: fundi mmoja wa umeme, kreni moja, trekta moja. Akaongeza la pili. Kila mtu ukimuuliza kazi itachukua siku ngapi, anaficha siku za ziada ndani ya jibu lake. Fundi wa rangi anahitaji nne, anasema saba. Kisha anaanza siku ya nne, kwa sababu anajua ana saba, na zile siku za akiba zinapotea bila kusaidia mtu. Goldratt alisema zitoe mifukoni mwa kila mmoja, punguza kama nusu, kisha weka kilichobaki rundo moja mwisho wa mradi, mbele ya makataa. Rundo likianza kuliwa mapema, unajua mapema. Si Mei. Machi.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama tarehe haisongi, anza na kuhesabu kinyumenyume, daima. Inakupa habari mbaya bure, wakati bado unaweza kuitumia. Kama kazi inajirudia, safu kwa safu, kilomita kwa kilomita, tumia mwendo. Kama kazi ni tofauti tofauti na zinasubiriana, tafuta mnyororo mrefu. Kama kuna mikono michache inayogombaniwa, na Homa Bay na Migori mikono huwa michache, hesabu mikono na uweke akiba mwisho. Makadirio matatu ya PERT yahifadhi kwa kazi ambayo hakuna mtu amewahi kuifanya. Chati ya Gantt itundike ukutani mgeni aone.

Lakini njia yoyote utakayochagua, iwe na orodha ya pili ambayo sijawahi kuiona kwenye ubao wowote wa mradi: vitu tutakavyoacha tukichelewa, kwa utaratibu, vimekubaliwa siku ya kwanza. Paa la upande wa pili. Rangi. Ukuta wa nje. Bila orodha hiyo, kinachoachwa huwa kitu kisichoonekana kwenye runinga: siku za zege, mtaro wa maji, mshahara wa kibarua wa zamu ya usiku. Shangwe zikiisha Juni Mosi, hakuna kamera inayorudi tarehe 2 kuuliza. Sisi ndio tunaobaki na uwanja.

Nasema haya sasa kwa sababu tarehe nyingine isiyosonga iko njiani. Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Hiyo ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo masoko, zahanati na madaraja yatazinduliwa Migori na Homa Bay kila wiki, na kila ubao utakuwa na tarehe. Ukipita karibu na mjengo mmoja, usiulize asilimia ngapi imekamilika. Uliza zege la mwisho litamwagwa lini. Wakikujibu baada ya tarehe 13 Julai, hesabu mwenyewe.